Ndoo ya Poda Inashinda Sheki Yako kwa Kitu Kimoja Tu: Haina Mabonge

Wasee, hebu tuongee ukweli kuhusu hii mambo ya protini. Kila wiki napata ujumbe kutoka kwa watu wa rika langu, na wengine wadogo kwangu, wakiniuliza ni poda gani iko poa. Hakuna anayeniuliza kama anaihitaji. Hiyo walishaamua kitambo. Wameona vidio ya jamaa ana kifua kipana kama meza ya hoteli, anatikisa chupa nyeusi, anakunywa, anafuta mdomo, na chini ya vidio kuna nambari ya punguzo. Kinachobaki ni kujua ndoo gani, na ganji itatoka wapi.

Mwezi jana kijana mmoja wa miaka 19 aliniandikia. Mchana anafanya mjengo, jioni anapiga chuma kwenye jimu ya mtaa, ile ambayo vyuma vyenyewe ni simiti iliyomiminwa ndani ya mikebe ya rangi. Alikuwa ameshapiga hesabu: akiruka lanchi ya shilingi 100, siku sita kwa wiki, baada ya wiki kama 13 au 14 atakuwa na elfu nane za ndoo. Alitaka nimwambie tu kama mpango uko sawa. Soma hiyo tena pole pole. Mtu anayebeba mawe na simiti kutwa nzima anapanga kuacha kula chakula ndio anunue chakula.

Msimamo wangu ni huu. Sheki ya nyumbani inafanya kazi ile ile ambayo wengi wetu tunaitafuta kwenye ndoo. Watu hawaiachi kwa sababu haina protini. Wanaiacha kwa sababu waliitengeneza mara moja, ikatoka na mabonge, njugu zinasaga meno kama mchanga, povu juu, maji chini, ndizi imejificha mahali fulani katikati. Wakaonja, wakamwaga kwa sinki, wakasema vitu vya bei rahisi ni vya bei rahisi. Poda imeundwa iyeyuke. Ukiitikisa na maji inalainika, inaonekana ya kisasa, na wewe unaonekana mtu anayejua anachofanya. Tunalipia ulaini halafu tunajiambia tumelipia misuli. Na ulaini, maze, ni kitu cha kujifunza kwa dakika kumi.

Kabla hujaniuliza mimi ni nani: niliacha kampasi mwaka wa pili, na hata kozi yenyewe haikuwa ya lishe. Ninachokuambia ni nilichosoma mwenyewe na kukisaga mwenyewe kwenye bedsita yangu. Kama figo zako zina shida, au unaishi na kisukari, au uko na mimba, ongea na watu wa kliniki kwanza.

Tuanze na hiyo poda ni nini. Ile ambayo kwenye ndoo imeandikwa whey ni maji ya maziwa. Watu wakitengeneza jibini, maziwa yanaganda, na yale maji ya rangi ya manjano-kijani yanayobaki ndiyo yanachujwa na kukaushwa yakawa unga. Protini ya maziwa ya ng'ombe iko hivi: karibu asilimia 80 ni kaseini, na karibu asilimia 20 ni hiyo whey. Kwa hiyo ukinywa glasi ya maziwa kutoka kwa duka la chini ya ploti yenu, tayari umekunywa zote mbili. Hakuna siri iliyofichwa Marekani.

Glasi ya mililita 250 ina kama gramu 8 za protini. Yai moja, kama 6. Vijiko viwili vikubwa vya siagi ya njugu, 7 hadi 8. Kikombe cha maharagwe yaliyoiva, karibu 15. Sheki ninayotengeneza mimi ina mililita 300 za maziwa, vijiko viwili vya siagi ya njugu, gramu 20 hivi za maziwa ya unga na ndizi moja. Jumlisha, unapata kama gramu 23. Kijiko kimoja cha ndani ya ndoo huwa kinakupa kati ya 20 na 25. Unaona sasa?

Na unahitaji ngapi kwa siku? Kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito. Anayepiga chuma anahitaji zaidi. Mwaka 2018 kuna watafiti waliokusanya matokeo ya tafiti 49 wakachapisha kwenye British Journal of Sports Medicine, wakaona kwamba ukivuka kama gramu 1.6 kwa kilo, kwa wastani faida ya misuli inaacha kuongezeka. Ukiwa na kilo 60, hiyo ni gramu 96. Toa maharagwe, toa mayai, toa ndengu na maziwa ya chai. Pengo linalobaki ni dogo kuliko vile jamaa wa chupa nyeusi angependa ujue.

Kuna utafiti mwingine wa 2004 kuhusu chakula cha wanariadha wetu wa mbio ndefu, wale wa kiwango cha juu kabisa. Karibu robo tatu ya nguvu yao ilitoka kwa wanga, ugali ukiwa mbele, na protini ilikuwa kama asilimia 10 tu ya nguvu yote. Ndiyo, najua, mkimbiaji si mtu wa kubeba vyuma, na sitaki mtu aje kuniambia Kipchoge hana mikono minene. Ninasema tu kwamba dunia nzima inakuja kusoma miili ya watu waliokuzwa na ugali na maziwa, halafu sisi tunaona aibu kunywa maziwa mbele ya marafiki wa jimu.

Sasa bei, na hapa watu wa kontenti ya kuokoa pesa huwa wanadanganya. Ndoo ya kilo mbili inavuka elfu nane kwa urahisi hapa Nairobi. Ukiigawa kwa vijiko vya gramu 30, ni kama vijiko 66, yaani shilingi 120 na kitu kwa kijiko. Sheki yangu, kwa bei za mtaani kwangu, inakaribia 90. Tofauti si kubwa vile! Ukilinganisha gramu kwa gramu, poda si wizi. Mtu akikuambia sheki ya nyumbani ni ya bure, hajawahi kununua siagi ya njugu.

Tofauti kubwa iko mahali pengine. Hizo elfu nane zinatakiwa siku moja, zote, mkononi. Sisi wengi tunaishi kadogo: mafuta ya kupimiwa, sukari robo, tokeni za stima za shilingi 50. Tisini ya leo inaweza kupatikana leo. Kesho kama hakuna, unaruka, na hakuna deni mahali. Elfu nane unaipata kwa kukata kitu kingine, na kitu cha kwanza kukatwa huwa ni chakula au kodi ya nyumba.

Pia kijiko cha poda kwa maji ni kama kalori 120 tu. Ni protini, basi, ukimaliza bado uko na njaa. Sheki yangu inavuka kalori 500. Hiyo ni brekfasti. Kwa mtu mwembamba anayetafuta mwili, au mtu wa mjengo, hizo kalori ndizo alikuwa anakosa tangu mwanzo. Hakuna misuli inayojengwa na njaa. Lakini nikiwa mkweli, kama unapunguza mafuta mwilini na unahesabu kila kitu, hapo poda inashinda. Inakupa protini bila mzigo. Vilevile kama doh iko na hupendi kupika, nunua ndoo yako, mimi sina neno.

Ambacho siwezi kunyamazia ni poda ya kupimiwa. Kuna watu wanafungua ndoo wanauza kijiko kijiko ndani ya karatasi isiyo na jina, isiyo na tarehe, isiyo na chochote. Umeiona kwa jimu, nimeiona kwa jimu. Mle ndani kunaweza kuwa whey, kunaweza kuwa maziwa ya unga yaliyochanganywa na unga wa ngano, na wewe utajulia wapi? Kama unataka maziwa ya unga, nenda dukani ununue maziwa ya unga, angalau yameandikwa ni maziwa ya unga.

Haya, ulaini. Kila mtu aliyelelewa na shosho anajua hii siri, ni vile hajawahi kuihamisha kutoka kwa sufuria hadi kwa blenda. Unapika uji vipi? Haumwagi unga mkavu kwenye maji yanayochemka. Unakoroga unga na maji baridi kidogo kwanza, mpaka uwe rojo laini, ndio unaumimina kwa sufuria huku ukikoroga. Ukirusha unga mkavu, kila donge linalowa nje, nje panakuwa kama ngozi, na ndani panabaki pakavu. Ngozi hiyo inazuia maji kuingia. Hata ukoroge mpaka kesho, bonge liko pale pale linakuangalia.

Maziwa ya unga ni hivyo hivyo. Poda ya ndoo pia, hasa ukiweka unga kwanza halafu maji juu yake. Ndiyo maana kuna watu wamelipa elfu nane na bado wanakunywa mabonge. Chukua kikombe, weka maziwa ya unga, ongeza vijiko vitatu vya maziwa, ponda na mgongo wa kijiko mpaka ipotee ile chenga chenga. Kisha endelea.

Kwenye blenda, maziwa yanaingia kwanza. Mbele ya kila kitu. Visu vinahitaji kitu cha kuzungusha, na kile kinachozunguka ndicho kinachovuta vilivyo juu kuvirudisha chini. Ukianza na ndizi na siagi ya njugu, vinakwama kwenye visu, juu panabaki pametulia, mota inalia, unasikia ile harufu ya waya kuungua. Baada ya maziwa weka rojo lako, halafu ndizi, halafu siagi ya njugu, na barafu au kitu chochote kigumu mwisho. Anza na mwendo wa chini kwa sekunde kumi, kisha panda. Dakika moja inatosha sana. Blenda zetu hizi za bei ya chini hazipendi kukimbizwa dakika tatu mfululizo. Zima, pumzisha, washa tena.

Njugu nzima ndizo zinawashinda wengi. Ukizitupa ndani ya maziwa mengi zinaogelea tu, visu vinazikwepa, na unachopata ni vipande vidogo vinavyokaa chini kama kokoto. Zisage na maziwa kidogo sana, yale ya kufunika visu tu, mpaka ziwe rojo zito. Huu ni uji tena, unaona? Zikishalainika ndio unaongeza maziwa mengine. Na kabla ya hapo zimwage kwenye sinia uzichague moja moja. Iliyosinyaa, yenye ukungu, yenye rangi isiyoeleweka au inayouma uchungu, tupa. Ukungu fulani hutengeneza aflatoksini, na kuchoma njugu hakuiondoi yote. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua zaidi ya watu 100 upande wa Ukambani. Njugu nazo hupatwa nayo. Sinia ya dakika tano si kazi.

Ukitumia shayiri, iloweke kwenye maziwa dakika 10 au 15 kabla ya kusaga. Uji wa wimbi uliobaki jana usiku, kama ulihifadhiwa vizuri, ni bora kuliko shayiri kwa maoni yangu, kwa sababu umeshaiva na umeshalainika. Lakini upoe! Usifunge kitu cha moto ndani ya blenda. Mvuke unasukuma kifuniko na uji unakurukia usoni. Poda ya whey nayo ukiiweka kwenye uji unaochemka inaganda kama yai.

Ndizi iwe ile imeiva mpaka ina madoa meusi, ile mama mboga anakuuzia kwa bei ya kuomba. Isiyoiva inaacha utando kwa ulimi. Kama uko na friji, ikate vipande uigandishe usiku, asubuhi sheki inatoka nzito bila barafu, na barafu huwa inaipunguza ladha ikiyeyuka. Kama huna friji, avokado nusu inafanya kazi hiyo hiyo ya unene, na hakuna kitu laini kama avokado duniani. Msimu wake ukifika mimi siendi hata karibu na ndizi.

Povu linatokea ukisaga sana kwa mwendo wa juu, kwa sababu protini ya maziwa inashika hewa. Acha jagi itulie dakika mbili, koroga na kijiko, limekwisha. Na kama tumbo linanguruma kila ukinywa maziwa, jaribu mala, kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya ile sukari ya maziwa inayokusumbua. Mala iingie mwisho, isagwe sekunde chache tu, la sivyo inakuwa majimaji. Kukibaki kachenga kokote, kichungi cha chai kipo. Pitisha. Hakuna anayekuona.

Yule kijana wa mjengo hana blenda. Nilimwambia kwanza ale lanchi yake, hiyo haina mjadala, halafu atafute chupa yenye mdomo mpana na kifuniko kisichovuja. Jaribio lake la kwanza akanitumia picha: siagi ya njugu imeshikamana kwenye ukuta wa chupa, ndizi inaelea. Alikuwa amemwaga kila kitu baridi kwa pamoja. Sasa anafanya hivi: anaponda ndizi na uma kwenye bakuli mpaka iwe kama chakula cha mtoto, anaongeza siagi ya njugu na maziwa ya unga, anamimina maziwa vuguvugu kidogo kidogo huku akikoroga, na ikishakuwa rojo ndio anaiweka kwa chupa na maziwa yaliyobaki, anatikisa. Vuguvugu ndiyo imemsaidia, kwa sababu mafuta ya njugu yanalegea kwenye joto na kukataa kwenye baridi. Siku ambazo pesa ni fupi anatoa maziwa ya unga. Bado ni protini, imepungua tu gramu tano.

Mayai mabichi, tafadhali, wacheni. Najua Rocky aliyanywa kwenye sinema mwaka 1976, na najua kuna mtu kwa jimu yenu anayapasua ndani ya glasi akiwa amefunga macho. Kando na hatari ya salmonella, kuna utafiti wa Ubelgiji wa 1998 ulioonyesha kwamba mwili ulitumia karibu asilimia 91 ya protini ya yai lililopikwa, na kama 51 ya yai bichi. Unateseka ili upate nusu. Nunua mayai boilo mawili ya barabarani, weka kachumbari, shushia na sheki yako.

Kuhusu sisi tunaotengeneza kontenti. Kuna kampuni moja, siitaji, iliniambia nitapata asilimia fulani kwa kila ndoo itakayonunuliwa na nambari yangu ya punguzo. Kodi yangu huwa inachelewa, kwa hivyo usifikiri niliichukulia kama mchezo. Niliwauliza kama naweza kusema kwenye vidio hiyo hiyo kwamba mtu ambaye hali lanchi asinunue. Wakanyamaza, na kimya chao ni jibu. Watazamaji wa aina yangu, wengi wenu, mko kati ya miaka 16 na 24, mnaishi kwa pesa ya wazazi au ya vibarua. Mimi nawajua, nyinyi ndio mnaniandikia usiku. Anayewauzia ndoo bila kuuliza mmekula nini leo anajua anachokifanya, na kama amelipwa, aseme amelipwa, sentensi moja tu mwanzoni mwa vidio, haitamuua.

Jambo la mwisho ni usafi, kwa sababu nimeona blenda zenu. Osha jagi saa hiyo hiyo. Weka maji ya vuguvugu nusu na tone la sabuni, washa sekunde 20, mwaga, suuza. Ukiacha maziwa na njugu vikauke kwenye ule mpira wa chini ya visu, kesho sheki yako itakuwa na harufu ya kitambaa cha meza na hutajua inatoka wapi. Na kama unaishi kwenye ploti ya kuta nyembamba kama yangu, usisage saa kumi na moja alfajiri. Weka blenda juu ya taulo iliyokunjwa, kelele inapungua. Jirani yangu wa upande wa kushoto ana mtoto mchanga, na tangu nianze kutumia taulo amerudi kunisalimia.